Soude Haiko Ndugu ya Sabuni

Bunyakiri, 9/10/2023

Laurette, mutoto wa dada yangu,

Jambo! Huko Nguba munaamukaka? Mugongo ya mama yako inaendelea je? Mi niko fiti. Bahati yangu ni ya kufungia mu sanduku: miaka kumi na tano napika sabuni, soude ya kuipikia haikunichomaka hata kidole! Nilifika Goma, nilifika Kampala, ngozi kama yangu sikuiona.

Nasikia mama yako Georgette anataka kukutosha mu section ya chimie, akupeleke mu coupe-couture kushona manguo, ati madawa ya labo itakuharibisha sura. Mwambie acide njo inachoma. Soude ni ndugu ya sabuni, itakufanya nini? Usitoke, hata akuje na padri!

Tonton wako, Modeste

Nguba, 20/10/2023

Tonton Modeste,

Jambo sana. Mugongo ya maman iko afadhali. Kinywa njo iko na nguvu. Nilimusomea barua yako, akacheka, lakini blouse yangu nyeupe ya labo angali ameifungia mu kabati. Naingia mu darasa bila blouse, nakaa nyuma, naandika yote.

Lakini tonton, soude ni base kali. Inakula ngozi sawa acide. Tena ikiyeyuka inatoa moto: unatia soude mu maji, pole pole. Ukimwanga maji juu ya soude, inachemuka na kukurukia. Weye unafanyaka namna gani? Na juu ya nini tangu Pasaka haukanyage huku kwetu Bukavu?

Mutoto wako, Laurette

Nguba, 2/12/2023

Tonton,

Uko muzima? Wiki sita, kimya. Maman amenunua makasi na sindano. Kisha sikukuu ya Noël ananihamisha. Mi siendi! Jibu.

Mutoto wako, Laurette

Bunyakiri, 6/12/2023

Laurette,

Jambo. Soma hii kwa sauti, mama yako akae chini.

Nilimwangaka maji juu ya soude, vile patron mwenye kunifundisha kazi alinionyesha. Yeye pia hakusoma. Tangu barua yako natia soude mu maji, na maman Akonkwa, mwenye tunapika naye, nilimufundisha vilevile. Mutoto anamubebaka mu mugongo, uwaze!

Georgette dada yangu, hasira yako naijua, sikuiogopa hata nikiwa mudogo. Mwenye kusoma haiko yeye anaungua. Mupe mutoto blouse yake. Makasi, shonea weye mwenyewe!

Na ile bahati yangu ni bongo, nilikudanganya. Jicho ya kushoto soude iliikula wakati wa Pasaka. Haioni tena.

Tonton wako, Modeste