Kijiko cha Javeli Ndani ya Maji ya Samaki

Mupendwa mushauri, msaada ninaokuomba leo una mapezi na magamba, na ukicheka, cheka tu, bibi yangu wa ndoa, Albertine, amekwisha kukutangulia, lakini ukimaliza unijibu, kwa maana mwenye kosa anasalimiwa kwa heshima kila asubuhi na asiye na kosa amekaa nyumbani pashipo kazi.

Mimi niko mwalimu hapa Kasongo, nina miaka arobaini na sita, na kwa muda mrefu nimejisifu kwamba hakuna swali la mutoto linalonishinda. Kwa somo la viumbe tuliweka darasani sanduku la kioo, na ndani yake samaki wadogo wanane wa kijito, watoto waone namna wanavyopumua, na mutunza bustani wa shule, Moustapha, mutu wa kijiji cha Wamaza, alikuwa analeta maji ya chemchemi, samaki wakanenepa kuliko mwalimu wao. Mwaka huu chemchemi ilifukiwa na barabara mupya, tukawekewa robinet, bomba la maji, uani, nami mutu wa maendeleo nikamwambia achote pale.

"Mwalimu, maji haya yananuka."

"Hiyo ni dawa, Moustapha. Weye unajua nini?"

Siku ile ile samaki wakapanda juu kutafuta pumzi, midomo wazi sawa waimbaji wa kanisa, nami nikawaza hivi: muganga wa dispensari alituambia robinet iko na dawa ya kuua magonjwa, samaki wanaugua, basi dawa ni kidogo. Mushauri, nilikwenda penye kufulia, nikachukua javeli, ile ya kung'arisha mashuka, nikawatilia kijiko kizima, nikakoroga kwa rula.

Kabla ya kengele ya saa sita, wanne walikuwa tumbo juu.

Watoto wananitazama, ulimi ukanitangulia: nikasema ndoo ya Moustapha ilikuwa na sabuni. Kosa langu nilikuwa sijalijua bado, lakini kijiko nilikificha mufukoni, kwa hiyo roho ilijua. Direkteri, mukubwa wa shule, alimwita Moustapha. Yeye alisema tu, "Wallahi, ndoo yangu ninaisugua kwa muchanga. Mwalimu ndiye anajua." Mimi mwenye kujua nikatazama viatu vyangu, na Moustapha akaambiwa akae nyumbani kwanza. Jioni Albertine alinusa mukono wa shati langu.

"Baba Emile, ulikuwa unafua?"

"Nilikuwa ninatibu samaki."

"Kwa javeli? Masikini, hukuwatibu, umewafua!"

Sasa samaki wanne waliobaki wako katika sufuria ya bibi yangu, ndani ya maji ya mvua yanayokaribia kwisha, na mwisho wa mwezi direkteri atakata neno, kama Moustapha atarudi kazini ama atarudi Wamaza na watoto wake watano. Niambie namna ya kutoa dawa katika maji ya robinet. Na je, nikiwaponya hawa wanne, siwezi kuliacha lile neno la ndoo life lenyewe polepole? Nikisema kweli, darasa zima litaniita Baba Javeli mpaka kaburini.

Théophile, Kasongo

JIBU

Mwalimu Théophile, nimecheka kama ulivyoniruhusu, mpaka nilipofika penye Moustapha, kicheko kikakauka.

Tuanze na maji, maana samaki hawana mwezi wa kungoja. Neno "dawa" limekudanganya. Sisi tunaita dawa kile kinachoponya homa, na kile kinachoua panya, na hicho cha robinet. Cha robinet kinaua vidudu ili wewe usiharishe, lakini samaki anapumua maji yenyewe, kinamuunguza mashavu kwa ndani. Chota maji katika beseni pana, usifunike, uyaweke juani siku mbili. Ukiwa na haraka, yamimine toka beseni hili mpaka lile mara nyingi, dawa inaruka na hewa. Yanuse. Yakinuka bado, ngoja bado. Ukiyachemsha, yaache yapoe kabisa, halafu uyamimine vilevile, maana moto umefukuza na pumzi ya samaki. Sanduku lioshe mara kumi, pashipo sabuni, likauke juani. Halafu usiwatupe samaki humo kwa mara moja: changanya maji mapya na yale ya sufuria, kidogo kidogo. Na siku za mbele, ukibadili maji, badili sehemu moja katika tatu, zile mbili uziache. Na javeli, mwalimu, iache kwa mashuka!

Sasa lile neno la ndoo. Unauliza kama litakufa lenyewe? Maji ukiyaacha wazi yanajisafisha. Neno ulilomusingizia mutu, ukiliacha, linazidi ukali. Unaogopa jina la utani, na mwenzako anaogopa kufungasha vyungu. Aibu! Mwalimu anayekosa mbele ya watoto na kusahihisha mbele ya watoto amefundisha somo zuri kuliko lile la samaki, na wakikuita Baba Javeli, itika.

Usingoje mwisho wa mwezi. Leo hii nenda kwa direkteri, umwambie: javeli nilitia mimi, ndoo ilikuwa safi. Kesho uwaambie watoto maneno yale yale, usiyapambe. Na leo jioni nenda kwa Moustapha kwa miguu yako, usitume mutu, usibebe kuku wa kukuombea. Atakuletea kiti, maana ndiyo desturi yetu hata kwa mutu aliyetuumiza. Usikae kabla hujasema.