Mwache Mama Asimame

Kaka yangu Odhis,

Nimekukasirikia, kwa hivyo salamu zitangoja. Mwezi uliopita ulipiga simu kutoka Doha, ukamwambia Mama maneno yako yale yale: "Mathe, wewe tulia tu. Usikubali huyu akusumbue na mazoezi yake." Simu ilikuwa kwa spika. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimemshika kiunoni, tumefika mara ya nne ya kusimama, kati ya nane za kila asubuhi. Mama akakaa. Nilimbembeleza mpaka chai ikapoa, wapi.

"Odhis amesema nipumzike," akaniambia, kama mtu aliyepewa ruhusa na serikali.

Sasa nikuulize, umesahau Kawangware? Si wewe ndiye uliyenipeleka kwenye ile jim ya nyuma ya karakana ya mbao, ambayo vyuma vyake vilikuwa mikebe ya rangi iliyojazwa saruji? Nilikuwa kidato cha pili, msichana peke yangu, na wale vijana walinicheka. Ukanipa mti wa ufagio. "Siz, huwezi ongeza uzito kabla ujue kuinama," ulisema. Ukanifundisha kurudisha makalio nyuma kama mtu anayetafuta kiti, mgongo unyooke, miguu ndiyo ifanye kazi. Wiki mbili nzima na mti wa ufagio! Nilikuchukia. Leo nina cheti cha ukufunzi, watu wazima wananiita kochi, na kila mteja mpya namwanzishia hapo hapo uliponianzishia.

Na mguu wako je? Ulipouvunja kwenye mpira, plasta ilipotolewa ulikuwa mwembamba kama mwiko. Ukataka kulala tu. Mama akakupa mtungi wa lita tano akakutuma maji. Wiki iliyofuata akakupa wa lita kumi. Ulilia, na majirani wakasema huyu lazima ni mama wa kambo. Akawajibu, "Mguu haujui umepona mpaka utumwe." Miaka baadaye, mwalimu wetu wa ukufunzi alipotueleza kwamba msuli hupata nguvu ukipewa kazi kidogo zaidi ya ile uliyoizoea, kisha ukapumzishwa, nilicheka peke yangu darasani. Somo hilo nililiona likipita mlangoni petu kila jioni, likichechemea.

Basi sasa Mama mwenyewe kavunjika nyonga, kawekewa chuma, mtaalamu wa viungo pale hospitali akasema asimame na kutembea kila siku. Sisi wanawe tumefanya nini? Wewe umetuma sofa. Asante, ni nzuri. Imekula nusu ya nyumba hapa Soweto West, na ni laini hivi kwamba ukikaa magoti yanapanda juu ya nyonga. Mimi mwenyewe, na hii miguu yangu ya mazoezi, kutoka hapo lazima nijisukume kwa mikono.

Akina mama wa kanisa nao wanakuja kwa zamu. Huyu anaosha vyombo, yule anasonga ugali, na Mama akigusa tu fimbo yake wanaruka wote: "Mama Odhis, kaa! Si sisi tuko?" Kwetu mgonjwa akionekana anainuka mwenyewe, aibu ni ya watoto wake, na ya wageni pia. Nawapenda sana wale akina mama, na nikiwaona mlangoni nataka kupiga kelele. Miezi mitatu ya kupendwa namna hiyo, paja la Mama likaisha. Nikilishika, nagusa mfupa.

Kuna jambo alinikataza nisikwambie, na leo nalisema. Tangu atoke hospitali Mama alikuwa hajafika chooni. Vyoo vya kulipia viko huko chini mwisho wa njia, hatua kama sitini, halafu ngazi tatu. Alikuwa anatumia ndoo nyuma ya pazia, nami naimwaga kabla sijaenda kazini. Wageni wakiwepo anajibana mpaka waondoke. Ndiyo sababu alikuwa hanywi maji, na ndiyo sababu sauti yake ilikuwa imekauka kwenye simu, ukaniuliza kama kweli namlisha. Iliniuma sana ile. Mazoezi yangu unayoyadharau, Odhis, ni ya kumfikisha chooni, basi.

Baada ya simu yako niliazima benchi kwa mama wa chapati, nikaweka mito miwili juu, kwa sababu kuinuka kutoka juu ni rahisi kuliko kutoka chini. Alisimama mara tano, akapumzika, tano tena. Miguu ilipozoea nikatoa mto mmoja. Juma lililofuata nikatoa wa pili. Wageni nikawaambia chai watapewa na Mama, kikombe kimoja kimoja, yeye akiwa wima. Mmoja akaninong'oneza, "Wewe msichana huna huruma." Nikamwongezea sukari.

Halafu juzi ukanipigia ukiwaka. "Mathe hashiki simu! Umemwacha wapi?" Nilikuwa nimetoka dakika kumi tu kununua mboga ya sukuma. Nilirudi mbio. Simu yake ilikuwa juu ya benchi, nyumba tupu. Nikateremka njia nikimwita.

Nilimkuta kwenye foleni ya choo, wa tatu, fimbo mkono mmoja, tishu mkono mwingine. Miguu ilikuwa inatetemeka. Mwanamke aliyekuwa mbele akasogea ampishe.

"Hapana," Mama akamwambia. "Wacha ningoje zamu yangu."

Sikumshika, kaka. Nilisimama pale na sukuma yangu nikalia, na watu wakadhani kuna msiba.

Ukipiga tena, usimwambie akae. Na asiposhika simu, subiri.

Ni mimi, dada yako mdogo, ambaye hasira yake bado haijaisha.