Mwili Usiopiga Kelele

Bani Malik, Jidda

Kwa ndugu yangu mpenzi Muna,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na vijukuu wako wanaogombania kulala ubavuni mwako. Mimi nipo, namshukuru Mungu kwa kila hali. Sikutaka kukupigia simu, kwa kuwa simu yako huipokea yeyote aliye karibu nayo.

Unajua jinsi maradhi ya viungo yalivyomfunga mikono wifi yako Badriya. Madaktari walisema askari wa mwilini wamewageukia wenyeji wao. Huitana, kisha huvishambulia viungo. Mwanangu Ussi yumo katika maabara moja huko Riyadh inayobuni protini zisizopatikana katika kiumbe chochote. Alinieleza kuwa wito wa askari hao huingia mahali pake kama ufunguo katika kufuli. Wao huchora kwa kompyuta protini ndogo ya kuliziba tundu hilo, wito usisikike. Nilimwuliza, akiingia mwizi, nani atapiga kelele? Alicheka, akasema ndiyo maana mama yake alipimwa kwanza kabla ya kupewa dawa hiyo, akaonekana hana kifua kikuu, na ndiyo maana amekatazwa kukaa na mtu anayekohoa.

Dawa ilifanya kazi. Ulipokuja kwa Umra ulimkuta akikuna nazi mwenyewe, ukamtania kwamba mikono ile ameiazima kwa bibi harusi. Nawe ulikuwa ukikohoa. Ulisema ni baridi ya viyoyozi. Nilipokuomba ulale chumba cha mbele, uliniuliza mbele ya watu kama siku hizi wewe ni kipindupindu. Badriya naye akanigeukia, akauliza tangu lini wifi akalazwa peke yake kama mpangaji. Akakutandikia kitanda chake, mkalala pamoja kama ilivyo desturi yetu, mkicheka. Nami nikawazimia taa.

Ulipoondoka hakukohoa, wala hakupata homa. Bangili tu zilianza kumpwaya, hata akikuna nazi zikawa zinamteleza hadi vidoleni. Alifurahi, akisema amerudi usichana. Mikono ilikuwa mizuri, Muna, nasi sote tukaitazama mikono.

Ussi alipokuja kututembelea alimwona mama yake mlangoni, akasahau kuamkia. Alimpeleka hospitali Riyadh jioni ile ile. Kifua kikuu kimeenea mapafuni, kimefika kwenye ini na uti wa mgongo. Homa ndiyo kelele ya mwili, na kelele hiyo tulikuwa tumeizima wenyewe. Sasa ile protini imesitishwa, vidole vimeanza kujikunja tena, na dawa za kifua anazitapika. Zamani Ussi alikuwa akinieleza kila kitu. Siku hizi ananiambia niombe dua.

Sasa nakueleza nililokatazwa. Sote tuliokaa naye tumepimwa, hatuna kitu. Hakuna mwingine aliyekohoa ndani ya nyumba hii. Nenda ukapimwe, na vijukuu wapimwe, na usilale nao kabla hujapata majibu. Na ile safari yako ya mwezi ujao, usije. Sijapata kumfungia ndugu yangu mlango, na sikudhani nitafika hapa.

Badriya aliniapisha nisikuambie. Alisema mgeni haambiwi alichokiacha, na kwamba ukijua hutajisamehe. Niliapa kwa jina la Mungu. Kisha nikawafikiria vijukuu wale, wanavyokuegemea kifuani. Leo asubuhi nimewalisha masikini kumi huko Al-Mahjar, iwe kafara ya kiapo, ndipo nikashika kalamu.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo. Ussi anakusalimu sana. Salamu za Badriya sikuletei, kwani hajui kwamba nimekuandikia. Kila nikimpigia simu huniuliza kama shuka utakazolalia mwezi ujao zimekwisha fuliwa.

Ni mimi kaka yako,
Saif