Mkono wa Shati la Bluu

Mama Watoto wangu,

Mimi ni mzima, ila mgongo. Tunapandisha zege hadi ghorofa ya nne, na msimamizi ananiita Babu ingawa amenizidi mvi. Barua yako nimeisoma mara tatu wakati wa mapumziko.

Unasema pikipiki inataka mateke ishirini ndipo iwake, kisha inakohoa moshi mweusi na kuzimika. Umesafisha plagi, umebadilisha mafuta, bado. Na mama yako anaumwa, wewe unamwendea kwa miguu. Ukaniuliza, "Baba Watoto, hii mashine umeiroga?"

Mke wangu, mchawi ni mimi. Fungua kifuniko cha pembeni, chini ya kiti, penye chujio la hewa. Utakuta kitambaa kimesokomezwa. Ni mkono wa lile shati langu la bluu, ulilosema kwenye barua kwamba limeliwa mkono na panya. Niliusokomeza asubuhi ya kuondoka, kwa sababu jana yake tuligombana na ukasema utarudi kwenu. Niliogopa nitakuja kukuta nyumba tupu. Nilijua mashine isiyopumua haifiki mbali. Sikujua kwamba mama atakuja kuugua. Nisamehe.

Uchomoe, kisha piga teke. Nenda kwa mama, ukae naye mpaka apate nafuu. Mkono wa shati usiutupe. Nikirudi utanishonea, kama na wewe utakuwa umerudi.

Wako,
mchawi wa pikipiki