Shija Wawili, Kadi Moja

S.L.P. 47,
Mafinga,
Iringa.

3 Julai, 1977.

Mpendwa kaka Asukile,

Ndaga fijo, asante sana, kwa barua yako, ambayo imekaa mezani kwangu zaidi ya mwezi mzima ikinisuta. Pokea salamu nyingi kutoka huku nyanda za juu. Natumaini goti lako limepona, unakula vizuri, na baridi ya Uingereza haijakusahaulisha Kiswahili. Sisi tu wazima wa mwili. Mama yako, shangazi yangu, yupo palepale mtaa wa Soweto, Mbeya. Macho yanamsumbua kidogo lakini mdomo haujambo, na kila nikipita ananiuliza kama nimesikia umeoa Mzungu. Nami humjibu kwamba Mzungu gani atakuvumilia.

Usidhani nimekusahau. Nimepatwa na jambo, kaka, ambalo mpaka leo sijalizoea. Nimeanza barua hii mara tatu na kuichana.

Unakumbuka nilikuandikia mwezi wa pili kwamba wameniomba nitoke masjala ya mkoa kule Iringa, nije huku Mafinga kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu wakati wa likizo yao ndefu. Walikuja kumi na wanane, wa mwaka wa kwanza, kwa miezi mitatu. Somo lenyewe ni misingi ya kupanga na kutunza kumbukumbu, hilohilo unalosomea wewe, ila wewe una kompyuta na mimi nina kabati la mbao. Mimi mwenye cheti cha ukarani nasimama mbele ya wasomi na chaki mkononi! Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilishona hata gauni jipya.

Kwa kuwa kompyuta hatuna, nilifundisha kwa kadi za matundu. Sijui kama huko bado mnazijua. Kadi imetobolewa pembeni kuizunguka, na kila tundu lina maana yake: hili mwanamume, hili mtoto, hili kijiji fulani. Habari ikimhusu mtu, unalikata lile tundu liwe wazi hadi ukingoni. Ukitaka watoto wote, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu la watoto la kadi zote kwa pamoja, unainua na kutikisa, na kadi za watoto zinaanguka zenyewe mezani. Sindano tulitumia zile za kufumia sweta, maana Mafinga hazikosekani. Siku ya kwanza kadi zilipoanguka darasa zima lilipiga makofi, na mimi nikajiona mchawi.

Nilitaka wafanye kazi ya kweli, siyo mifano ya kubuni. Basi Mganga Kalinga, anayesimamia wagonjwa wa kifua kikuu kule bonde la Usangu, akatuletea vitabu vya vituo vyake vitatu. Shida yake ilikuwa moja: wagonjwa wanazunguka. Leo mtu anaandikwa kituo hiki, mwezi ujao yuko na ng'ombe upande wa pili, anaandikwa tena. Akaomba tumtengenezee orodha moja safi, ili gari la dawa likipita kila mwezi lijue linampa nani. Nilifurahi kuliko yeye.

Kanuni niliyowapa wanafunzi ni ile uliyoniandikia wewe mwenyewe: mtu mmoja, kadi moja. Niliiandika ubaoni kwa herufi kubwa na nikakataza isifutwe. Tukanakili kila jina kwenye kadi yake, jumla kadi mia sita na kumi na mbili. Vitabuni kulikuwa na safu ya jina la mama, lakini kadi yangu ilikwishajaa, na nikaona jina la baba, kijiji na umri vinatosha kumtambulisha mtu. Nikaiacha safu ya mama. Niliiacha mimi, kaka, siyo mwanafunzi.

Kisha tukatafuta kadi zinazofanana. Zilipatikana jozi arobaini na tatu. Mojawapo ilikuwa Shija, mtoto wa Maganga, wa kike, miaka kumi, kijiji kilekile, moja kutoka rundo la kituo cha kwanza na nyingine kutoka rundo la cha tatu. Nikaishika juu darasa zima liione, nikasema huu ndio mfano mzuri wa mtu aliyeandikwa mara mbili.

Hapo Mihayo akanyoosha mkono. Huyu ni Msukuma, mtu mzima wa miaka thelathini aliyefundisha shule ya msingi kabla ya kwenda chuo, na wazazi wake walihamia Usangu na mifugo yao zamani kidogo. Akasimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, kwetu Shija ni wengi. Tungeuliza kwanza."

Nikamjibu kwamba hapa tunapanga kadi, hatuhesabu ukoo wake. Darasa likacheka. Mihayo naye akacheka kidogo, akaketi, na hakunyoosha mkono tena wiki ile.

Kadi arobaini na tatu zilizozidi tuliziondoa. Ilikuwa mwisho wa Aprili, baridi imeshaanza kuuma, na mabaki ya mbao za misonobari tunayopewa kule kiwanda cha mbao yalikuwa mabichi, hayashiki moto. Nikasema zile kadi zitumike kuwashia jiko. Tukawasha, tukaota, tukanywa chai.

Orodha ikaenda kwa Kalinga. Akaniletea barua ya shukrani, nikaibandika ukutani.

Tarehe kumi na saba Juni, Kalinga alikuja mwenyewe. Hakuketi. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, na mimi nilikuwa nasahihisha mitihani, kalamu nyekundu mkononi. Maganga ana wake wawili, Kalista na Lea. Kila mmoja alizaa mapacha, na kwa Wasukuma mtoto anayefuata mapacha ni Shija, awe wa kiume au wa kike, hapachaguliwi jina. Kwa hiyo katika mji ule mmoja wa Maganga kuna Shija wa Kalista na Shija wa Lea, waliozaliwa msimu mmoja, na wote wawili walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu, maana walimuuguza babu yao mpaka akafa.

Gari la dawa lilipofika mwezi wa tano, mama wawili walikwenda na watoto wao kama kawaida. Mgawa dawa akatazama orodha yangu, akaona Shija Maganga ni mmoja, akatoa dawa ya mmoja. Walipolalamika, akawaambia orodha hii imetengenezwa na watu wa chuo kikuu, haikosei.

Sasa nisikilize vizuri, kaka. Wale wanawake hawakugombana. Hakuna aliyesema mwanangu kwanza. Walirudi nyumbani, wakakaa chini, wakakata kila kidonge katikati kwa kisu, nusu kwa Shija huyu, nusu kwa Shija yule. Mwezi wa sita wakafanya hivyohivyo. Kila asubuhi, bila kukosa hata siku moja, kwa wiki sita hivi, walifuata maagizo ya daktari isipokuwa hilo tu. Na nusu dawa, Kalinga alinieleza, ni mbaya pengine kuliko kukosa kabisa, kwa sababu ugonjwa haufi, unajifunza. Watoto wote wawili walikuwa wanatema damu. Alikuwa amewapeleka hospitali Mbeya siku mbili kabla.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilimwuliza swali la kipumbavu kabisa, kwamba je, ana hakika ni watu wawili?

Alipoondoka nilivifungua vile vitabu vya vituo, ambavyo vilikuwa kabatini kwangu muda wote. Kituo cha kwanza: Shija, baba Maganga, mama Kalista. Kituo cha tatu: Shija, baba Maganga, mama Lea. Kumbe karani wa kijijini, aliyeishia darasa la saba, alikuwa ameandika kila kitu kinachotakiwa, na mimi niliyeitwa mwalimu wa wasomi nikakitupa ili kadi yangu ipendeze. Mdharau mwiba guu huota tende, lakini safari hii guu lililovimba si la kwangu.

Nikaendelea kupekua hadi jua likazama. Katika zile jozi arobaini na tatu, kumi na tisa zilikuwa na mama tofauti. Watu kumi na tisa, Asukile. Tuliwaota moto.

Kesho yake niliwaeleza wanafunzi, na nilianza na Mihayo. Nilimwomba radhi mbele ya wote, kwa jina lake. Nilitegemea atafurahi kidogo, kama ningefurahi mimi. Akasema, "Mwalimu, na mimi nina kosa. Nilijua, nikanyamaza kwa sababu walicheka." Akatoka nje. Ndugu yangu, kati ya yote niliyoyasikia, hilo linanirudia zaidi. Mimi nimekaa masjala miaka tisa nikilalamika kwamba wakubwa hawasikii la mdogo.

Kozi ilikuwa imekwisha, tiketi zao za kurudi zilikuwa tayari. Hakuna aliyepanda basi. Wamegawanyika wawili wawili, wako Usangu tangu tarehe ishirini na moja, wanatembea mji kwa mji na majina ya mama mkononi. Hadi jana wamewapata kumi na mmoja, ukiwatoa hao Shija. Mzee mmoja walimkuta ameshazikwa. Kalinga anasema huyo alikuwa mahututi hata kabla ya orodha. Ananisemea hivyo kwa huruma, na sijui kama ni kweli. Wamebaki wengine.

Najua utaniuliza kuhusu harusi ya Juliana, binamu yetu. Ni Jumamosi ijayo huko Tukuyu, na mimi sitakwenda. Nimemwambia mama yako asiniandalie kitanda. Amekasirika, anasema mtu haachi harusi ya nduguye kwa sababu ya kadi. Tafadhali mwandikie wewe, wewe anakusikia. Mwaka huu viazi vimekubali sana, kwa hiyo chakula hakitapungua, nami nimetuma blanketi.

Jana nilikwenda hospitali Mbeya kwa lori la mbao. Shija wa Kalista ameanza kuinuka na kuketi kitandani, na anadai ugali. Shija wa Lea bado anachomwa sindano asubuhi na jioni, homa inapanda na kushuka, na daktari hatoi ahadi yoyote. Wamewekwa vitanda vya jirani, na mama zao wanalala sakafuni katikati, mkeka mmoja. Nilipeleka ndizi na maziwa, nikawaambia mimi ndiye niliyetengeneza ile orodha. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ingekuwa nafuu.

Lea aliendelea kumpepea mwanawe. Kalista alinisindikiza hadi nje, akasimama, akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Nikajua analo neno.

"Mwalimu, mi nauliza tu," akasema. "Ile madawa ilikuwa ya mtoto yupi? Ya wa kwangu au ya wa Lea? Maana kama ilikuwa ya wa Lea, wa kwangu amekula nusu ya mwenzake, na ndiyo huyu anapona. Nataka nijue, nikamwombe mwenzangu msamaha."

Kaka, kadi iliyobaki haina jina la mama wala alama ya kituo, na nyingine ilikuwa majivu. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua ni Shija yupi niliyemwacha na yupi niliyemfuta. Mimi niliyesimama miezi mitatu nikihubiri kwamba kadi moja ni ya mtu mmoja, nikamtazama mama yule usoni nikamwambia dawa ile ilikuwa imeandikwa kwa wote wawili.

Akapumua. "Kumbe hatukuiba," akasema, na akarudi ndani haraka kumweleza Lea.

Kesho alfajiri naondoka kwenda Usangu kuungana na wanafunzi. Ukirudi nyumbani na hiyo kompyuta yako kichwani, utafundisha wengi kuliko mimi, na kwa kasi kuliko sindano yangu ya sweta. Kabla hujawafundisha kufuta, wafundishe kuuliza.

Wasalimie Watanzania wote mlio pamoja huko, hasa yule Jailos aliyekupokea. Mama yako anakusalimu, Juliana na mchumba wake wanakusalimu, na Mihayo, ambaye hakujui, ameniambia nikusalimu. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe akili na akupe watu wa kukukatalia. Katika sala zako waweke watoto wawili wa Maganga, na usiwataje kwa jina moja: mmoja ni wa Kalista, mmoja ni wa Lea.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Atuganile