Tata, Matairi Mapya Nimeyafunga Nyuma

Tata,

Shikamoo. Najua kuitikia huwezi, lakini ningeanza bila kukuamkia ungeninunia hata huko uliko. Ni mimi Rhobi, binti yako. Nimekaa ndani ya pikapu yako, sokoni Tarime, wanashusha mihogo nyuma na mimi naandikia juu ya usukani. Nina habari ya kukupa, na nusu yake hutaipenda.

Matairi mapya nimeyafunga nyuma. Tafadhali usinikatize, ngoja kwanza nikueleze.

Tangu tukuzike mimi ndiye ninayeendesha. Kibanda changu cha nguo nimekifunga. Kila wiki nakwenda Busawe kuchukua mahindi na mihogo kama ulivyokuwa ukifanya, kwa njia ileile. Akina mama wa kule wakisikia honi wanasema Chacha amekuja, halafu wananiona mimi nashuka. Mpaka leo wanafanya hivyo. Siwasahihishi. Napenda kulisikia jina lako likiitwa na mtu ambaye hajakumbuka bado.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kununua matairi? Wewe hukuwahi kuuliza bei kwanza. Ulizunguka duka zima kama uko mnadani unatafuta dume. Unaligonga tairi kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Unalinusa. Unaingiza ukucha kwenye kashata, ile mifereji ya tairi, kupima kina chake. Halafu unarudi nyuma hatua mbili unalitazama kwa jicho moja, na muuzaji wa watu anakusubiri tu. Siku moja alichoka akakuuliza kama unataka kuliangalia na meno. Hukucheka hata kidogo. Ukamjibu, "Lingekuwa nayo ningeyaangalia." Mimi nilitoka nje nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Na ukishanunua mawili, maana manne hatukuwahi kuyaweza kwa mkupuo, ulikuwa na neno lako: "Maksai wazuri wanakaa mbele, mura." Uliniita mura, jina la mvulana, tangu siku nilipoendesha shambani kwenye mabua bila kulizimisha gari. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyokuonyesha. Na hilo la maksai nililishika kama amri. Jembe la maksai wanne, wale wanaojua kazi wanatangulia. Nani angebishana na hapo?

Basi masika haya nikanunua mawili, nikayafunga mbele. Yaliyochakaa nikayarudisha nyuma. Nilijiona mtoto mwenye adabu.

Wiki hiyohiyo nilimchukua Mama kumwona mama mkubwa Busawe, dada yake anayeumwa miguu. Kurudi gari lilikuwa tupu na mvua imenyesha. Pale kwenye kona kabla ya kalavati nikaondoa mguu kwenye mafuta, na nyuma kukatutoka. Mkia ulikuja ukataka kutangulia, Tata. Mbele kulishika vizuri kabisa, ndiyo maana nyuma kulizunguka. Tulisimama tumekaa upande ndani ya shamba la mtama la watu. Hakuna aliyeumia. Mama alifungua mlango, akashuka na viatu mkononi, akasimama kwenye tope akalitazama gari muda mrefu. Akasema, "Hili gari linamtafuta mwenyewe. Liuzwe."

Unajua baba mdogo alitaka kuliuza tangu matanga, na ni Mama aliyemkatalia mbele ya ukoo wote akasema litabaki na Rhobi. Sasa Mama mwenyewe amegeuka. Baba mdogo hakulala, akapata mnunuzi Nyangoto, mtu wa machimbo, aje Jumamosi. Nilikuwa na siku tano. Nililia, sikufichi. Sikulilia kazi. Nilililia gari lenye harufu ya koti lako.

Nikalipeleka kwa fundi Masanja. Humjui, ni Msukuma, alikuja kufuata dhahabu, dhahabu ikamkwepa, akafungua gereji karibu na stendi. Alilipandisha jeki, akaingiza mtaimbo kwenye springi za nyuma, akasukuma, na ekseli nzima ikasogea. Bushi zilikuwa zimekwisha. Shokapu ya kulia inavuja mafuta. Upepo nao nilijaza kipimo chako cha mzigo, na gari tupu kwa upepo ule linarukaruka kama mwanambuzi. Halafu akanionyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka lilipotengenezwa. Lile la nyuma kushoto, ulilolisifu kwa kashata nzuri, lilikuwa limezeeka dukani kabla hujalinusa. Mpira umekauka, una nyufa. Pole, Tata. Pua yako haikuliona hilo.

Hayo yote niliyameza. Ila aliposema matairi mapya yahamie nyuma, nilimkatalia. Alinieleza kwamba mbele kukiteleza usukani unakuambia, unapunguza mwendo, lakini nyuma kukitoka huna la kufanya. Nikasema baba yangu ameendesha njia ile maisha yake yote, nikamtolea habari ya maksai. Nilikuwa na hasira, nilihisi ananitaka nikukane mbele ya watu. Masanja akafuta mikono, akaniuliza, "Na mzee alipokuwa analima, yeye alikaa wapi?"

Nikasema nyuma. Ameshika jembe, asipolishika mfereji unakwenda kombo.

Nilijisikia nikisema hivyo. Nikakuona kabisa, suruali umeikunja, unawafokea maksai na unaegemea mikono ya jembe kwa nguvu zako zote. Nikamwambia ahamishe.

Tulibadilisha bushi na shokapu, tukapunguza upepo. Siku ya Alhamisi nikamwomba Mama aende kumwona dada yake kwa gari hilihili, mara ya mwisho, kabla halijaondoka. Alikubali kwa shingo upande. Kurudi, mvua tena, gari tupu tena. Tukaikaribia ile kona. Nikapunguza, nikaingia, nyuma kukanifuata taratibu, kumetulia. Nikageuka nimuulize Mama kama ameona.

Mama alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, kitambaa kimeanguka begani.

Sikumwamsha mpaka nyumbani. Akafumbua macho akauliza kama tumefika. Halafu akakaa tu, hashuki. Akaniambia, "Baba yako nilimpenda sana. Lakini miaka yote ile sikuwahi kusinzia humu. Nilikuwa nashika mlango." Akaanza kucheka, nikacheka naye, na katikati ya kicheko akakulilia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Hakukuambia, Tata, kwa sababu ulikuwa unafurahi sana ukiendesha.

Jumamosi mnunuzi alikuja. Mama alimpa chai, akamwambia gari lina kazi.

Wamemaliza kushusha, wananigongea bodi niondoke. Pumzika, Tata. Usikasirike na matairi. Popote Mama atakapotaka kwenda nitampeleka, nitamrudisha, na njiani nitamwacha alale.

Mura wako,
Rhobi