Maziwa ya Patsy

Kwezi, Mama. Nimekusalimu, nikakusubiri ujibu "mbona" ya kwetu huku ukininyooshea mkono niubusu. Mazoea hayajaniacha.

Nakuandikia Kiswahili, kile ulichorudi nacho kutoka Unguja ujanani. Nyumbani kwetu Mutsamudu hakuna aliyekielewa ila sisi wawili. Mbele ya watu nilifundishwa kukuita Zaliha, mtumishi wa kutoka Patsy, kijiji cha mlimani. Jikoni, kwa Kiswahili, nilikuita Mama, maana aliyenizaa alifariki ningali kichanga, nawe ukanipa ziwa la kushoto, la kulia ukambakishia mwanao Bakari. Nilipokua ukawa unanipaka liwa usoni na kunitania: "Jipake utakavyo, kabaila wangu, bado umenishinda weusi." Na ilikuwa kweli, ila mjini hakuna aliyethubutu kulisema. Kule Unguja, ulikuwa ukiniambia, hawakuuliza babu yako katoka mlimani au Uarabuni; nyote wa visiwa vyetu mlikuwa Wangazija tu.

Sasa nikupe habari. Mwanangu Nasuri, aliyeko Moroni kwenye kazi ya ofisi, alitaka kumuoa Eshati, binti wa Bakari, mjukuu wako. Nililia kwa furaha. Mjomba, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wetu, akakataa. Unajua alisemaje? Haramu, Zaliha alimnyonyesha mama yake Nasuri, hao ni ndugu. Mama! Mtu ambaye maisha yake yote hakutaka kusikia kwamba nina mama Patsy. Ulipofariki alinizuia hata kutandika mkeka wa matanga nyumbani. Leo ndipo akayakumbuka maziwa yako.

Fundi wake, mwalimu wa Kurani, akamsahihisha kwa adabu: watoto wa ndugu wa kunyonya ni binamu, na binamu huoana. Mjomba akakosa pa kushika, likamtoka lililokuwa moyoni. Kijana mwenye damu ya Kiarabu hawezi kwenda kukaa nyumba ya mke huko mlimani. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mkewe, na hapo ndipo palipomchoma.

Akasafiri mpaka Moroni kumkataza Nasuri, nami nikaandamana naye. Pale mtaa wa Magoudjou teksi yetu ikasimamishwa na mamluki wa kizungu, mmoja wa hawa wanaojifanya wenye nchi siku hizi. Hakumuuliza mtu ukoo wake. Alimvua Mjomba kofia kwa ncha ya bunduki, akamketisha chini pamoja na wachukuzi wa shamba aliowasimamisha kabla yetu, akawaita wote nyani. Nilimlilia Mjomba, usinicheke. Nikaona sasa ameelewa dharau inavyouma. Tulipofika kwa Nasuri akaomba maji ajioshe, na nilidhani ni kwa sababu ya yule mzungu. Kumbe kilichomuuma ni kuketishwa na watu wa shamba. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nasuri akasema ataoa hata Mjomba akisusa. Basi nikapanda Patsy na posa, nimejitanda shiromani ile uliyoipenda. Eshati alinipokea vizuri, akanipikia mihogo ya nazi, akangoja nile kwanza. Kisha akasema polepole: "Shangazi, nampenda. Lakini watu wako walimkubali bibi yangu kuwa mama yako siku moja tu, ili wanifukuze mimi. Watoto wangu watawaitaje hao?" Akalia. Bakari aliinamisha kichwa. Nikaifunga tena posa. Haki ni yake yule mtoto, Mama, na ndiyo inayoniua.

Nikarudi na posa yangu. Nasuri siku hizi hagusi chakula, anakuja likizo anakaa jikoni, palepale ulipokuwa ukikaa wewe. Ungekuwepo ungemtania mpaka ale.

Lakini moja nimelifanya. Juzi, Mjomba akiwa amekaa na wazee wenzake, nilimwita Nasuri nikamuusia: nikifa, nisizikwe kwenye makaburi ya makabaila, nipandisheni Patsy, kwa mama yangu. Mjomba akauliza watu watasema nini. Nikamjibu watasema nilikuwa na mama.

Basi pumzika, Mama. Nitakuja, Mungu akipenda, na safari hii nitakuita Mama mbele za watu. Mwachie Bakari upande wake wa kulia. Mimi niwekee wa kushoto.